Idhini ya Marehemu Opondo

Yule muuzaji wa soko la Kibuye, mjini Kisumu, alimwambia Milka mambo yote kuhusu mashine ya kusaga njugu isipokuwa moja, kwamba inalia. Na hailii kidogo kama mashine zote zilivyo. Inalia kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni, na haiachi mpaka stima izimwe. Siku ya kwanza ilipowashwa nyumbani kwake mtaani Obunga, majirani walitoka nje kuangalia ni nani anachapwa. Siku ya pili mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema ama mashine inyamaze ama Milka ahame nayo.

Fundi Wakoli aliitwa. Akaifungua, akaipaka grisi, akaifunga, akabaki na nati mbili mkononi ambazo alisema hazina kazi, na mashine ikalia vilevile. Hapo ndipo mama mkwe wa Milka, mzee Apiyo, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua njugu tangu asubuhi, alipotoa uamuzi.

"Hii si mgonjwa," alisema. "Inataka jina."

Ambaye hakulelewa kando ya ziwa letu huenda akacheka, na acheke tu. Huku kwetu mtoto mchanga akilia bila sababu, titi hataki, tumbo haliumi, wakubwa hukaa naye wakaanza kuwataja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Akitajwa mtu na mtoto akanyamaza, basi huyo ndiye aliyekuwa akidai jina, na mtoto ataitwa hivyo maisha yake yote. Milka mwenyewe alipata jina lake la nyumbani kwa njia hiyo, kwa hiyo hakumcheka mama mkwe. Aliwasha mashine, akamimina njugu, na Apiyo akasogeza kiti.

Alianza na ukoo wa marehemu mume wake. Mashine ikalia. Akahamia ukoo wake wa kuzaliwa, akamtaja hata shangazi mmoja aliyekufa akiwa amekosana na kila mtu, na mashine ikazidi. Wafu wakamwishia. Masikio yalikuwa yanamuuma, hasira ikampanda, akamtaja mtu ambaye hakuwa ndugu wa yeyote pale. Alikuwa Opondo, muuza nyavu wa upande wa Kombewa, aliyefariki miaka michache iliyopita, mtu aliyejulikana kwa kuhutubia matangani mpaka chakula kipoe. Apiyo alisema tu kwamba kelele hizi zinafanana na za Opondo.

Mashine ikanyamaza. Haikuzimika, la. Iliendelea kusaga, ila kwa sauti ya chini ya mtu aliyeshiba, na siagi ikaanza kutoka laini kuliko siagi yoyote aliyowahi kuiona Milka. Wale wanawake wawili waliangaliana. Kumchukua marehemu wa nyumba nyingine bila kuuliza wenyewe ni jambo lisilofanywa, na wote wawili walilijua. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameacha kulalamika, na njugu zilikuwa zinasagika, kwa hiyo walikubaliana kulinyamazia.

Tatizo la Milka ni kwamba hakuishia kunyamaza. Mchoraji wa mabango alichora sura ya mzee mwenye kofia ya pama na mdomo wazi, jinsi Apiyo alivyomweleza, na sura hiyo ikabandikwa kwenye kila mkebe. Chini yake paliandikwa Siagi ya Opondo. Kibuye wakaipenda. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Maseno wakaila kwa kijiko bila hata mkate. Watu wakaacha kusema siagi, wakawa wanasema tu nipe Opondo, Opondo imeisha, Opondo ya leo ni tamu. Milka, aliyekuwa amehangaika na biashara za kila aina tangu mume wake afariki, alianza kutembea sokoni kwa mwendo wa mtu anayejulikana.

Kisha akaja Gordon. Gordon alikuwa akiuza viatu vya mitumba mistari miwili kutoka meza ya Milka, na bila haya wala aibu akaanza kuuza mikebe yenye mzee yuleyule, kofia ileile, mdomo uleule, na maandishi Opondo Halisi. Ndani alichanganya unga wa mahindi na kitu kingine ambacho mpaka leo hakijulikani. Watu wakaumwa matumbo. Na wakishaumwa hawakurudi kwa Gordon, walirudi kwa Milka, maana ndiye waliyemjua kuwa mwenye Opondo. Mke wa mhadhiri mmoja alisafiri kutoka Maseno akiwa na mkebe uliofungwa ndani ya mifuko mitatu, akauweka mezani mbele ya wateja, akamweleza Milka kwa Kiswahili safi alivyomfikiria. Milka alitamani ardhi ipasuke.

Alimwendea Gordon. Gordon hakukana kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampangusia kiti, akamuuliza kwa upole, akimwita kwa jina la bintiye kama sokoni wote, "Mama Becky, hilo jina uko na karatasi yake?"

Hakuwa nayo. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko wizi wenyewe. Kama jina lingeendelea hivyo mwezi mmoja au miwili, hakuna ambaye angemnunulia tena, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa ameliua kwa uzembe. Akavaa gauni la kanisani, akaenda mjini kwa wakili Naeema, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa na ambaye alisifika kwa kueleza sheria bila kumfanya mtu ajione mjinga.

Naeema alimweleza. Jina na picha ya biashara huandikishwa kwa serikali. Kwanza hutazamwa kama kuna mwingine aliyetangulia, kisha hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza mtu unapewa cheti. Ukishakuwa na cheti, mtu kama Gordon anaandikiwa barua moja, na asiposikia anapelekwa kortini. Milka alisikia raha moyoni kama aliyenyeshewa baada ya kiangazi. Ombi likatumwa Nairobi siku hiyohiyo.

Jibu lilirudi na swali. Ofisi ya usajili ilitaka kujua kama jina na sura vilivyo kwenye alama hiyo ya biashara ni vya mtu halisi, na kama ni vya mtu aliyefariki karibuni, basi familia yake itoe idhini kwa maandishi. Naeema alimpigia Milka simu.

"Mama Becky, huyu Opondo ni mtu?"

Milka alijibu kwamba ni mashine. Naeema, mwanamke mwenye subira, akauliza tena. Ikabidi Milka amweleze yote, kilio, nati mbili, wafu wa Apiyo, na Naeema akasema basi idhini itafutwe.

Basi hapakuwa na njia nyingine. Milka na Apiyo walibeba sukari, majani ya chai na mikate, wakaenda Kombewa kwa watu wa Opondo. Milka alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha. Alijua atatukanwa, na alikuwa amejiambia kwamba atatukanwa kimya. Mtoto mkubwa wa marehemu, Joram, mwalimu wa shule ya msingi, aliwasikiliza hadi mwisho huku ameshika kidevu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kujali kabisa, kama mashine iko na afya.

Hawakukasirika hata kidogo. Walifurahi, na hapo ndipo shida ilipoanza. Wiki iliyofuata walifika Obunga ukoo mzima, na kuku mmoja mweupe, kumsalimia mzee wao. Walipanga foleni. Wajukuu walisukumwa mbele wamshike babu. Mjomba mmoja alimkumbusha mambo fulani ya shamba yaliyobaki bila kuamuliwa, akainamisha sikio kwenye mdomo wa mashine, akainuka akitikisa kichwa kama aliyejibiwa. Mwenye nyumba, ambaye alikuja kulalamikia umati, aliishia kupewa kiti na paja la kuku.

Nyuma ya wote alikuja Maryanne, mke wa marehemu. Sasa huku kwetu, mtu aliyepewa jina la mume wako, hata akiwa mtoto wa chekechea, unamwita mume wangu, unamuuliza mbona hajaleta samaki, na watu wanacheka. Ni mzaha wa kawaida. Maryanne alikaa mbele ya mashine, akapangusa vumbi la njugu kwenye ubavu wake kwa pindo la leso, akasema, "Kwa hivyo ni huku ulikuwa." Hakuna aliyecheka.

Joram alikuwa tayari kutia sahihi palepale, lakini karatasi ya idhini ilimtaka kwanza mwenye haki ya mali ya marehemu, naye ni mama yake. Naeema alikuwa ameiandaa vizuri, mistari michache tu. Maryanne aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, Mimi Maryanne, mjane wa marehemu Opondo. Alipofika hapo akaweka kalamu chini.

"Mimi si mjane," alisema. "Bwana yangu ndio huyo anasaga."

Milka alidhani ni mzaha uleule, akacheka peke yake. Joram alimvuta kando akamweleza. Tangu mazishi, mama yake hajatia sahihi karatasi yoyote yenye neno lile. Benki ilishindwa. Watu wa ofisi ya mashamba walishindwa. Aliwapikia wageni wa matanga, akawashukuru waliokuja, hakutoa chozi, na siku iliyofuata akaamka na kuandaa vikombe viwili vya chai kama kawaida. Wao watoto waliacha kumsukuma, kwa sababu hakuwa anamdhuru mtu.

Milka alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini Gordon hakuwa anamwonea mtu huruma, na ofisi ya usajili ilikuwa imeweka siku ya mwisho. Joram, ambaye alikuwa na akili ya mwalimu anayependa hesabu itoke, alifikiri akasema jambo hili ni rahisi. Kama serikali inataka familia itoe idhini kwa niaba ya maiti, na mama anashikilia kwamba mzee yupo, basi mzee atoe idhini mwenyewe. Alipaka wino kwenye gurudumu dogo la mashine, akaligandamiza mahali pa kidole gumba. Naeema alikataa hata kuigusa karatasi ile. Joram akaituma kwa mkono wake, na ofisi, kwa adabu zote, ikamjibu kwamba idhini ya Bwana Opondo imepokelewa, ila hakuandika nambari ya kitambulisho.

Wakati hayo yakiendelea, Maryanne alikuwa amehamia kando ya mashine. Hakuomba ruhusa, alikuja tu asubuhi moja na kigoda, na tangu hapo akawa anashinda pale. Alimsimulia mashine habari zote za Kombewa, nani ameoa, nani ameuza ng'ombe, Joram anavyonenepa. Alimgombeza kwa mambo ambayo Milka angependa asingeyasikia. Na akaweka sheria. Mume wake hafanyi kazi Jumapili. Mume wake anapumzika mchana baada ya chakula. Mume wake hasagi njugu zilizoota ukungu, na hapo angalau alikuwa na haki. Mikebe ikapungua sokoni, na meza ya Gordon ikajaa. Milka alijikuta akimchukia yule mama saa moja na kumpenda saa inayofuata, maana mtu aliyewahi kumwacha mume kaburini anajua kigoda kile kinakaliwaje.

Siku moja ya joto kali, lile joto la Kisumu linalofanya hata mbu wapumzike, Milka alikuwa nyuma akikaanga njugu. Mashine ilikuwa ikisaga tangu asubuhi. Akasikia mngurumo umebadilika, kisha mlio mfupi, kisha harufu ya waya ulioungua. Alikimbia ndani. Moshi wa bluu ulikuwa unatoka chini ya mashine, na Maryanne alikuwa amesimama mbele yake akiwa na kikombe kitupu mkononi.

"Nilimpatia chai," alisema. "Joto ilikuwa nyingi. Nilimpatia chai tu, na maziwa, vile anapenda."

Alikuwa ameimimina yote kwenye mdomo wa mashine, ikapita kwenye njugu, ikateremka mpaka kwenye mota. Milka alizima stima. Alifungua kinywa kupiga kelele kuhusu mashine yake, wateja wake na jina lake, akaona Maryanne anavyokichungulia kikombe kama kuna chai iliyobaki, akashindwa. Ndipo Maryanne alipoanza kulia. Alilia kilio chetu, kile cha kutoka nje na kuzunguka nyumba, leso kiunoni, akimwita mume wake kwa majina yake yote ya sifa, na wanawake wa Obunga, ambao wengi hawakujua ni nani amekufa, walitoka wakamfuata wakilia naye. Apiyo aliwaongoza. Milka naye akajikuta ndani ya msururu, analia, na hakuwa analilia mota.

Watu wa Kombewa walikaa kikao. Wazee wengine walisema mtu hazikwi mara mbili. Wengine walisema huyu ni mwenye jina lake, si yeye, kwa hiyo ana haki ya kaburi lake. Fundi Wakoli, alipoulizwa kama mtaalamu, alisema kilichokufa ni mota, mawe ya kusagia bado mazima kabisa, na mota nyingine inapatikana. Wakaafikiana mota izikwe na mawe yabaki kazini, na kila mtu akaona ni uamuzi wa busara.

Ilizikwa Kombewa nyuma ya jiko, ndani ya sanduku la sabuni. Walikuja watu wengi kuliko ilivyotarajiwa, wengine wakiwa wateja. Gordon alifika amevaa suti nyeusi. Wakati wa hotuba alisimama bila kuitwa, akajitambulisha kuwa mtu wa karibu wa marehemu, akasema watu wasife moyo kwa sababu Opondo bado yupo, yupo kwake, na oda zitapokelewa baada ya maombi. Akatoa mkebe mfukoni na kuuinua. Maryanne alimwita kwa kidole. Akaufungua ule mkebe, akachovya, akaonja, akaufunga na kumrudishia.

"Huyu mimi simjui," alisema, na Gordon akarudi kukaa, na watu waliokuwa wameketi karibu naye wakasogeza viti.

Naeema alikuwa amekuja pia, amejifunga mtandio mweusi, karatasi ikiwa kwenye mkoba. Siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa ileile. Alikuwa amemwambia Milka hivyo asubuhi, na Milka alikuwa amejibu kwamba hawezi kumwekea mtu karatasi mbele kando ya kaburi, hata kaburi la mota, na kama jina litakwenda basi liende. Alimaanisha. Alikuwa ameshaanza kufikiria jina lingine, na hakuna hata moja lililomkaa mdomoni. Lakini watu walipotawanyika kwenda kula, Maryanne mwenyewe alikuja, akakaa kati yao wawili kwenye benchi, akanyoosha mkono.

Aliisoma tena, kidole kikifuata maneno. Kilipofika kwenye mjane kikasimama pale muda mrefu.

"Kila karatasi inakuja hapa inaniambia amekufa," Maryanne alisema. "Hiyo nimesikia. Leo hata mimi nimeona. Hii yenu inasema nini ingine?"

Naeema alimweleza taratibu kwamba akitia sahihi, jina la Opondo na sura yake vitaandikwa kwenye rejista ya serikali, na hakuna mtu mwingine, si Gordon wala mwenzake, atakayeruhusiwa kuvitumia kwa siagi. Vitalindwa miaka kumi.

"Kisha?"

"Kisha Mama Becky anaomba upya, anapewa miaka kumi ingine."

"Na hiyo ikiisha?"

"Anaomba tena, mama. Haina mwisho. Bora tu kuwe na mtu wa kuomba."

Maryanne alimgeukia Milka. "Na wewe ukienda?"

Milka alisema kuna Becky. Na Becky akienda kutakuwa na watoto wa Becky, na yeye mwenyewe atawafundisha wasisahau mwaka. Hakuwa amepanga kusema hivyo, lakini alipolisema alijua atalifanya.

Maryanne alichukua kalamu. Aliandika jina lake lote juu ya mstari, bila haraka, kila herufi mahali pake, akaikunja karatasi na kumpa Naeema.

"Sasa hiyo ya haina mwisho," alisema, "si mngeniambia kwanza?"